Niko Tu Nyumbani

Juzi juzi nilikuwa kliniki hapa Bunda, mtoto mgongoni, mkubwa wake nimemshika mkono, kadi iko ndani ya mfuko wa rambo. Karani akauliza jina, nikataja. Akauliza umri, nikataja. Akauliza kazi.

"Sina kazi," nikamjibu. "Niko tu nyumbani."

Ndugu msomaji, siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kuchota ndoo tatu kwenye kioski cha maji, nimewasha jiko, nimekoroga uji wa ulezi, nimefua nepi za usiku, nimemwogesha yule mkubwa ambaye maji ya asubuhi anayachukia kama paka, nimefagia uwanja, nimeloweka maharage ya mchana, ndipo nikafunga mbeleko na kuanza safari ya miguu kuelekea kliniki. Saa yenyewe ilikuwa mbili na nusu. Eti sina kazi! Wala hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Neno lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, laini kabisa, kama shairi nililokaririshwa darasa la kwanza.

Karani akaandika "mama wa nyumbani" na kumwita wa nyuma yangu. Naye, dada wa watu, akasema vile vile: "Mimi? Niko tu nyumbani." Mgongoni alikuwa na pacha mmoja na mwingine kifuani.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kuambiwa "jaribu tena", na kabla sijajaribu tena nikaolewa. Mume wangu yuko kwenye machimbo ya dhahabu Buhemba, huja nyumbani akipata, na asipopata huja simu. Ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nina kaunta buku moja nene, na humo riwaya yangu imekwama sura ya tatu tangu huyu wa pili azaliwe. Baada ya siku ile ya kliniki nilizisoma upya hizo sura, nikaona aibu. Shujaa wangu ni mwanamke, tena mama wa watoto wawili, lakini kutwa nzima anakaa dirishani anawaza. Hapiki, hafui, watoto wake hawalii. Nani kawalisha? Mimi ninayeishi maisha hayo nilikuwa nimeyaruka, nikiamini kwamba hayafai kuandikwa.

Ndipo likanijia swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya sura ya nne. Hili neno "niko tu", sisi akina mama wa Mara tumelitoa wapi? Je, bibi zetu nao walikuwa "tu"?

Mtu wa hapa akitaka kuuliza habari za zamani huelekezwa Butiama. Basi nikaenda Butiama. Nilipanda gari ndogo, zile tunazoziita michomoko, tukajazana hadi Makutano, halafu gari jingine hadi Butiama penyewe, mdogo wangu mgongoni (mkubwa nilimwacha kwa mama mkwe). Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Kuna picha nyingi, kuna zawadi alizopewa na wakubwa wa dunia, kuna historia ya chama na ya taifa. Nilitazama kwa heshima. Lakini nilivutika zaidi nilipotoka nje na kufika Mwitongo, kwenye makaburi kati ya mawe makubwa, maana pale wamelala pia wazazi wake. Mtoto alikuwa amelala kwa joto. Nikakaa kivulini nikamfikiria yule mama.

Mugaya Nyang'ombe alizaliwa mwaka 1892. Aliolewa na Nyerere Burito mwaka 1907, akiwa na miaka 15. Burito baadaye akawa mtemi wa Wazanaki wa Butiama, na jumla ya wake zake ilifika 22. Mugaya alikuwa wa tano. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hizo zilizunguka zizi la ng'ombe, katikati ikiwepo nyumba ya bwana mkubwa. Mugaya alizaa watoto wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne. Wawili walikufa wakiwa wachanga.

Nilipofikia hapo kwenye hesabu nilimgusa mwanangu paji la uso. Ni tabia tu, we acha. Nani mwenye mtoto mdogo asiyefanya hivyo?

Mmoja wa hao wanane alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, akapewa jina la Kambarage, jina la pepo wa mvua. Hilo kila mtoto wa shule analijua. (Mwanangu wa kwanza naye alizaliwa mvua ikinyesha, bibi yake akampa jina la mvua. Huku kwetu si ajabu.) Lakini hebu fikiri upande wa pili wa siku hiyo, ambao hatukufundishwa. Aprili ni mwezi wa masika. Ni mwezi wa palizi. Mama wa Kizanaki wa wakati huo aliyejifungua alikuwa na shamba la mtama na ulezi linalomsubiri, kuni zimelowa, na jiwe la kusagia liko pembeni ya mafiga. Mashine ya kusaga haikuwepo. Kila tonge la ugali lililoliwa kwenye nyumba zile 22 lilikuwa limepita chini ya mikono ya mwanamke aliyepiga magoti, akisukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mara nyingi mtoto akiwa mgongoni, kichwa kinanesanesa. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mwendo wa jiwe kabla hajajifunza kutembea.

Na serikali ilimwonaje mama huyo? Nisikilize vizuri hapa, maana mimi mwenyewe nilishangaa. Waingereza walipoitawala Tanganyika walitoza kodi ya vibanda, na mwanamume mwenye wake wengi alilipia kibanda cha kila mke. Kwa maneno mengine, vitabuni mama wa watoto alihesabiwa, naam, lakini alihesabiwa kama paa la nyasi. Alikuwa kibanda namba fulani cha bwana fulani. Karani wa Bunda aliyeniandika "mama wa nyumbani" alinipandisha cheo kidogo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo waandishi wenzangu wachanga mtalipenda. Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka kwao. Akalala bweni. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi na kulima na mama yake akaondoka. Kwa mama maana yake ni furaha na pia ni mikono miwili imepungua nyumbani. Kutoka Mwisenge akaenda Tabora, na kutoka Tabora akaenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Na huko Makerere, kijana wa miaka 22 hivi, umri wetu sisi tunaosoma kurasa hizi, alikaa akaandika insha. Aliiandika kuhusu kutiishwa kwa wanawake. Alichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill, zilizochapishwa mwaka 1869, akazipima kwa maisha ya wanawake wa kwao Uzanaki. Insha hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1944. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba baba yake alikuwa na wake 22, na yeye aliijua kazi waliyoifanya na waliyoyapitia.

Kwa hiyo mwanzo wa uandishi wake ulikuwa mafigani kwa mama yake. Nilifurahi sana kulijua hilo. Nilifurahi kwa muda wa kama siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa naosha sufuria lenye ukoko, furaha ikanipungua kidogo. Insha ile aliiandika mtoto wa mama, kule Makerere, akiwa na meza na taa na muda. Mugaya hakujua kusoma. Yeye aliyekuwa akifanya kazi yenyewe alikuwa Butiama akiifanya. Simlaumu kijana, aliandika alichokiona, tena aliona ambacho vijana wengi wa watemi hawakukiona. Nasema tu kwamba kumtazama mama anasaga ni jambo moja, na goti linalouma ni jambo jingine. Yule mama aliishi hadi miaka ya 1990, akawaona wajukuu na vitukuu. Alikuwa na hadithi ya karibu karne nzima.

Wa pili niliyemfikiria ni Mama Maria. Huyu ni tofauti, kwa kuwa alikuwa amesoma. Maria Waningu Gabriel Magige alizaliwa mwaka 1930, upande wa Tarime. Alisoma kwa masista, akaenda chuo cha ualimu Sumve, akafundisha shule ya msingi ya misheni Nyegina, nje kidogo ya Musoma. Tafadhali msomaji, usipite haraka. Mwanamke Mwafrika mwenye cheti cha ualimu katika Tanganyika ya miaka ile alikuwa wa kuhesabika. Kama kungekuwa na karani wa kumwuliza "Kazi?" angejibu mara moja, "Mwalimu." Januari 1953 wakafunga ndoa na Julius, aliyekuwa amerudi kutoka Edinburgh, wakahamia Pugu ambako mume alifundisha. Mwaka huo huo akazaliwa Andrew. Na baada yake wengine wakafuata, karibu karibu, kama ilivyokuwa desturi.

Vitabu vya historia vinasema: Machi 1955 Mwalimu alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akachagua siasa, akaacha kazi. Sentensi moja. Nimeisoma shuleni na kuipigia mstari kwa ajili ya mtihani. Leo naisoma nikiwa mama na naona ndani yake kuna watoto wadogo ambao jioni hiyo walitaka kula. Mshahara umekoma, chama ndiyo kwanza hakijatimiza mwaka, wako mbali na kwao. Sijui kama kuna mama asiyewahi kuisikia habari ya namna hiyo mlangoni: "Mama watoto, kazi nimeacha." Wengi wetu tungeuliza kwanza, unga umebaki kiasi gani.

Walifanya wanavyofanya watu wa Mara wakikwama. Walirudi nyumbani. Kuanzia Aprili hadi Oktoba 1955 Mwalimu alikuwa huku, akiwafundisha mapadri wa Maryknoll Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri, akipata kidogo cha kujikimu. Miezi sita hiyo kwenye vitabu huwa ni pumziko kati ya sura mbili kubwa. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo hakuna pumziko. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba baba yuko kati ya sura. Halafu wakarudi Dar es Salaam, na huko Mama Maria akafungua duka dogo, mtoto ndani, mteja nje, na siasa inaingia na kutoka sebuleni kila jioni na wageni wasiohesabika. Wageni hao walikunywa chai. Chai haijichemshi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu shujaa wangu wa dirishani. Kumbe hata ningetaka kuandika riwaya ya siasa, riwaya ya uhuru wa nchi hii, ingenibidi nijue nani alikuwa anachemsha maji.

Lakini Mama Maria na Bi Mugaya ni wakubwa. Nikarudi kwa mtu wa chini kabisa, ambaye niko naye ndani ya nyumba moja: mama mkwe wangu. Kwao ni upande wa Nyamuswa. Nilikuwa simwulizi chochote kuhusu zamani kwa sababu tulikuwa na ugomvi mdogo wa baridi. Ugomvi wenyewe ulihusu lile kaunta buku. Asubuhi moja, mimi niko kwenye foleni ya maji, mkaa ukawa na unyevu, naye akatafuta karatasi za kuwashia jiko. Akachana kurasa tano za sura ya tatu. Nilipomkuta uji umeshaiva. "Mama, ule ulikuwa uandishi wangu," nikamwambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, si yalikuwa madaftari ya zamani ya shule? Nikaona yameshaandikwa." Hakuwa na ubaya. Kwake karatasi iliyoandikwa imemaliza kazi yake. Nilikaa kimya wiki nzima, nikimjibu kwa "ndiyo mama" na "hapana mama" tu.

Nilipotoka Butiama nilimkuta amembeba mkubwa, aliyelia hadi akachoka. Nikapokea mtoto, nikamwamkia, nikamwuliza bila kupanga: "Mama, nyie mlipokuwa na watoto wadogo, nani alikuwa anawashikia?"

Akacheka. "Azimio la Musoma lilinichukulia yaya wangu," akasema.

Nilidhani ni utani. Azimio la Musoma nilisoma shuleni: Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikaamua elimu ya msingi iwe ya wote ifikapo 1977. Katika mtihani jibu lake lilikuwa "faida tatu na matatizo matatu", na kati ya matatizo matatu hilo la yaya halikuwemo. Mama mkwe akanisimulia. Alikuwa ameolewa bado msichana, na ana watoto wawili wadogo wanaofuatana. Wifi yake, msichana wa miaka kumi hivi, ndiye aliyekuwa akishika mtoto wakati yeye yuko shambani kwenye pamba. Ndivyo ilivyokuwa kila mji: mtoto wa kike mkubwa kidogo ni mgongo wa pili wa mama. Ghafla likaja tangazo, kila mtoto shuleni, na mzazi asiyemwandikisha atapigwa faini.

"Yule wifi yako akaenda?"

"Akaenda na mtoto mgongoni."

Alikwenda hivyo siku tatu. Siku ya kwanza mwalimu alinyamaza. Siku ya pili mtoto alilia darasani. Siku ya tatu alirudishwa, akaambiwa aje peke yake au mzazi aje kueleza. Baba mkwe akasema asiende tena, mama mzaa chema wa nyumba ile, yaani mama yake wifi, akasema ataenda. Huyo bibi hakuwahi kushika kalamu maishani mwake. Alisema, "Mtoto nitamshika mimi," na yeye mwenyewe alikuwa na mgongo mbovu. Kwa hiyo bibi akashika mtoto hadi alipoumwa, na alipoumwa, mama mkwe akawa anakwenda shambani na mtoto, anamlaza chini ya mti juu ya gunia, anapalilia mstari mmoja anarudi kumtazama, mstari mmoja anarudi. Pamba ikapungua msimu huo. Bwana akagomba. Lakini wifi akamaliza darasa la saba.

Naomba nieleweke. Sisemi Azimio lilikuwa baya. Mimi mwenyewe ninayeandika haya ni tunda lake la mbali. Mama yangu mzazi ni kati ya wasichana walioingia darasa la kwanza kwa nguvu ya uamuzi ule. Nasema kwamba uamuzi ulifanyika mjini Musoma na wanaume wengi na wanawake wachache, na sehemu ya gharama yake ililipwa chini ya mti na mwanamke anayepalilia mstari mmoja na kurudi. Hakuna risiti yake. Na zaidi ya hapo, mwaka ule ule wa 1974 ndio uliokuwa wa Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakapangwa kwenye mistari. Nyumba zikasogea kwa jirani, shamba likabaki kule kule.

Ingefaa pia niitaje nyumba ntobhu, ijapokuwa ni desturi zaidi ya ndugu zetu Wakurya na majirani zao, na inahitaji makala yake. Mwanamke mzima mwenye mali, labda hakujaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kuoa msichana, na watoto wa msichana huyo huwa wa nyumba yake. Watu wa mjini huicheka. Inayo madhara yake, hasa kwa msichana asiyeulizwa. Lakini nikiwa na ndoo kichwani na mtoto anayetambaa kuelekea jikoni, nimewahi kuwaza kwamba aliyeibuni desturi ile alijua walau jambo moja: nyumba yenye watoto wadogo inataka wanawake wawili.

Nimemwuliza shemeji yangu mmoja, anayesoma sheria kwa kudokoa dokoa, kama sheria inalitambua hili la kazi ya nyumbani. Akanitajia kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Bi Hawa aliachika. Akadai sehemu ya mali. Kwenye mahakama za chini hoja ikawa kwamba yeye alikuwa mama wa nyumbani tu, hakuchangia fedha. Hilo "tu" tena! Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema hapana: kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kupika, kutunza nyumba, na kulea ni juhudi, na juhudi hizo zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali. Nikataka kushangilia. Shemeji akaniambia subiri. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha, naye akazitumia vibaya, hivyo ndiyo ikawa fungu lake. Kwa hiyo tangu 1983 wanawake wengi wametajirika kwa jina lake, au walau wamepata bati kadhaa na kitanda, na yeye aliondoka mikono mitupu. Ukitafuta mhusika wa riwaya, ndugu mwandishi, usihangaike kwenda mbali.

Basi usiku, watoto wamelala, nikaanza kuyaandika haya kwenye kurasa zilizobaki za kaunta buku. Niliandika kwa siku kumi na moja, kati ya saa nne na pale macho yanapogoma. Mara mbili mdogo aliamka na homa nikaacha sentensi katikati. Moja nilirudi nikaikuta sikumbuki ilikokuwa inakwenda, nikaifuta. Mume wangu alipiga simu kutoka Buhemba akauliza nafanya nini usiku wote huo na tochi ya simu. Nikamwambia naandika habari za mama yake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwulize kuhusu ule mwaka wa njaa." Sikujua kama kulikuwa na mwaka wa njaa.

Jana nilimsomea mama mkwe. Alikuwa anachambua dagaa, mimi nimekaa kwenye kigoda, mdogo ananyonya. Nilimsomea la Mugaya na jiwe, akatikisa kichwa kukubali. Nilimsomea la wifi yake, akacheka hadi machozi, akasema yule sasa ni bibi wa wajukuu kule Musoma na bado anajisifu kwamba alirudishwa shule kwa kosa la mtoto wa kaka yake. Nilipofika mwisho akaweka ungo chini.

"Umeandika jiwe," akasema. "Maji hukuyaandika."

"Mama, nimesema ndoo tatu za kioski."

"Hizo ni zako. Zetu hukuziandika. Sisi tulichimba kwenye mchanga wa mto, kiangazi, kwa kibuyu. Unachimba, unasubiri yapande. Yanapanda kidogo kidogo. Mnakuwa wengi, kila mmoja na shimo lake, usiku kabisa, maana mchana ng'ombe wanayavuruga. Na mtoto unaye. Usipokuwa naye unamwacha na nani? Andika hivyo. Andika ilikuwa usiku."

Nikatafuta kalamu. Mdogo akaachia ziwa akaanza kulia. Mama mkwe akanawa mikono ya dagaa, akamchukua, akamtupa mgongoni na kukaza mbeleko, akaanza kwenda na kurudi uwanjani huku akinieleza namna ya kuligusa shimo kwa vidole ujue kama maji yako karibu.